Kesi ya Mbwa Mwitu, Mtaa wa Sikukuu

Ukitoka soko la Kariakoo kwa upande wa dagaa, ukaifuata Sikukuu mpaka harufu ya dagaa ikuache na harufu ya ngozi mbichi ikupokee, basi umefika kijiweni. Hapo palikuwa na benchi moja refu, ubao wa lori lililokwishakufa, limeegemea baraza ya Mbaruku mwamba madufu, mwenye kuvika ngozi ngoma za maulidi. Mbele yake lilikaa jiko la Mzee Mgeni muuza kahawa, ambaye jina lake ni Mgeni lakini hakuna mwenyeji aliyemshinda mtaani pale. Miaka hiyo soko jipya lilikuwa bado linanuka saruji, redio ilihimiza kilimo asubuhi na jioni, na ukimwita mtu bwana ulikumbushwa kwamba siku hizi sote ni ndugu. Kijiwe chenyewe hakikuwa na mwenyekiti wala katibu, na labda ndiyo sababu kilifanya kazi kila siku. Ijumaa hiyo, watu walipokwishatoka kuswali na kahawa ikapita mkono wa kwanza, jambo lililowekwa mezani lilikuwa mbwa mwitu.

Aliyelileta ni Hamis, mjumbe wa nyumba kumi, ambaye kijiwe kilimwita Kumi kwa kufupisha cheo.

— Alasiri tunakutana ukumbini, Mnazi Mmoja, alisema Kumi. Wilaya imeleta pendekezo, na matawi ya mjini yanatakiwa kutoa maoni, maana wenye leseni za bunduki wengi wanaishi huku. Uwindaji ulikuwa umefungwa, sasa unafunguliwa. Na safari hii wanataka kuupanua. Mwenye leseni ampige mbwa mwitu popote atakapomkuta, masika na kiangazi, bila ada, hata ndani ya pori la akiba.

— Kosa lake nini? aliuliza Mzee Mgeni, anapuliza makaa.

— Mbuzi. Kijiji cha Nyakibamba, huko Rufiji, kilikuwa na mradi wa mbuzi. Taarifa inasema mbwa mwitu wamewamaliza wote. Hakubaki hata wa kafara.

Mbaruku alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akipara manyoya ya ngozi kwa kipande cha chupa. Mkono ukasimama wenyewe.

Ngozi iliyokuwa mapajani mwake ilitoka Nyakibamba. Gunia zima lilikuja juzi kwa lori la mkaa, limetumwa na Shaweji, katibu wa mradi huo wa mbuzi, ambaye ndiye kaka wa mke wake, Sitara. Sasa, Mbaruku huagiza ngozi zije na shingo na masikio. Si kwamba anapenda masikio. Wanunuzi wa madufu ya maulidi hawataki kusikia habari ya kibudu, kwa hiyo yeye hutazama koo kwanza, aone kisu kilipita wapi, ndipo ailoweke ngozi. Na hizi alizitazama. Kila koo lilikuwa limechinjwa vizuri kabisa, kwa mkono unaojua kazi, na kila sikio la kushoto lilikuwa na tundu, alama ya mbuzi wa kijiji. Juzi alifurahi, akamsifu shemeji yake mbele ya Sitara. Leo amesikia habari ya mbwa mwitu, akajuta kumsifu.

Akisema anayoyajua, Shaweji anakwenda kulala ndani na Sitara hatamtazama tena kama zamani. Asiposema, bunduki zote za mjini zinaingia porini kumwua mnyama kwa mbuzi ambao hakuwala. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupara pale pale alipokwishapara.

— Mimi naunga mkono, alisema Onesphory. Huyu alikuwa Mchaga wa Kibosho mwenye duka la mablanketi na majembe kona ya pili, na kwa kuwa hakosi misa kijiwe kilimwita Parokia. Padri wetu alituonya tangu tukiwa wadogo, aliendelea. Mbwa mwitu huja amevaa ngozi ya kondoo. Mnyama anayejua kuvaa nguo ya mwenzake si wa kuachwa hai.

— Na hiyo ngozi ya kondoo anaishonesha kwa nani? aliuliza Mzee Mgeni.

— Hilo ndilo swali la kupeleka mkutanoni.

— Nyinyi mnamtazama mbwa, hamumtazami aliyeshika kamba, alidakia Eliakimu. Alikuwa karani wa bandarini, na jina lake la kijiweni lilikuwa Redio, kwa sababu husema mchana kutwa na humjibu ukasikika. Nawaambieni, hao mbwa wametoka kusini. Makaburu wamewafundisha kambini. Wanavushwa Ruvuma usiku, mmoja mmoja, wanaambiwa: piga miradi ya vijiji. Mbona hawajala mbuzi wa mtu binafsi?

— Ng'ambo ya Ruvuma siku hizi ni ndugu zetu, alisema Kumi.

— Ndiyo maana wanavushwa usiku. Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Unadhani walikuwa wanasema mto gani?

— Wahenga hao walikufa kabla kaburu hajapanda meli.

— Mhenga huona mbali, ndugu yangu.

Mzee Mgeni akamimina. Vikombe vikapita, na kashata nyuma yake. Parokia akatafuna, akafikiri, akaona na yeye asiachwe nyuma kwa methali.

— Mchezea mbwa huingia naye msikitini.

— Wewe msikitini unafuata nini?

— Ndiyo nasema. Mimi sichezi na mbwa, na msikitini sijaingia. Methali imethibitika.

Kicheko kilipoisha, Kumi alikaa wima, akaweka sauti yake ya mkutanoni.

— Tuliseme kisiasa. Mbwa mwitu halimi. Hafugi. Haji kwenye kazi za kujitolea. Anakaa porini, anasubiri jasho la wanakijiji linenepe, halafu anakula. Mtu wa namna hiyo tunamwitaje?

— Mnyonyaji, alisema Redio.

— Kupe, alisema Parokia, japo yeye mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo, kwa sababu ya duka, na halikumpendeza.

— Basi. Mimi nitakwenda kusema kijiwe cha Sikukuu kinaunga mkono.

Hapo Mbaruku aliweka kipande cha chupa chini. Hakuwa msemaji. Kijiweni kwake mwenyewe alikuwa mtu wa kuguna, na watu walimwita Mwamba bila kutaka kujua zaidi. Lakini neno mnyonyaji lilimchoma.

— Umewahi kumwona? alimwuliza Kumi.

— Mnyonyaji?

— Mbwa mwitu.

— Nimesoma taarifa.

— Mimi nimemwona, alisema Mbaruku. Mwaka jana nilipokwenda kufuata ngozi, lori letu lilikufa barabarani, tukalala juu ya magunia. Asubuhi wakapita. Kundi, wadogo kwa wakubwa. Walikuwa wameangusha swala ng'ambo ya mbuga. Tukasema tutazame watakavyopigana. Hawakupigana. Wakubwa wakasogea, watoto wakala kwanza. Wakaja hawa wengine. Mmoja alikuwa amebaki nyuma chini ya mti, mguu wake umevunjika, amekonda. Nikasema huyu basi tena. Walipomaliza, wawili wakamfuata pale alipo, wakamtapikia nyama, akala. Dereva akaniambia, Mbaruku, sisi hapa foleni ya sukari tunavunjana mbavu.

Vikombe vikashushwa chini. Si kwa heshima. Kila mtu alikuwa anatafuta pa kuingilia.

— Kwa hiyo unataka kusema mbwa mwitu ni mjamaa, alisema Redio.

— Nimesema nilichokiona.

— Hapana, tulifikishe mbali. Wanakaa pamoja, ndiyo? Hiyo ni sogeza, ile operesheni ya vijiji. Wanafanya kazi pamoja, wanagawana, mgonjwa anatunzwa. Jamani, hao wamelitekeleza azimio kabla yetu. Tuwapelekee wataalamu wakajifunze.

— Usinichekeshe, alisema Kumi, na kwa kweli hakucheka. Mjamaa hali mbuzi wa kijiji.

— Labda wao pia ni kijiji, alisema Mzee Mgeni. Kilichosajiliwa na Mungu.

— Mnapotoka, alisema Parokia. Mnamsikiliza Mwamba, na Mwamba ana lake. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Anatetea mbwa ili kesho atuwambie madufu ya ngozi ya mbwa.

Watu walicheka, na Parokia akajipangusa midomo kwa kuridhika, maana methali hiyo iliyotupwa ovyo ilikuwa imempata mtu, ingawa yeye hakujua. Mbaruku alitazama ngozi iliyokuwa mapajani mwake. Ni kweli, alijiambia. Navuta kwangu. Nimekalia ngozi na ninazungumza habari za swala.

Mzee Mgeni akakung'uta jivu, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

— Mimi mbwa mwitu wananikumbusha kisa cha chuoni, tulichosimuliwa na mwalimu wa Kurani. Wale ndugu waliomtupa mdogo wao kisimani. Wakamrudia baba yao jioni wanalia, wakamwambia, mbwa mwitu kamla. Wakamwonyesha kanzu, imelowa damu. Mzee akaigeuzageuza ile kanzu, haina hata tundu. Akasema, ajabu, mbwa mwitu huyu ni mpole kweli, kamla mwanangu na kanzu hakuichana.

— Sasa hicho kisa kinahusu nini na mbuzi? aliuliza Redio.

— Sijui. Kahawa ndiyo inayosema, siyo mimi.

Mbaruku aliinua macho akamtazama mzee huyo. Mzee alikuwa anatazama jiko. Kama alijua au hakujua, uso wake haukusema.

Saa hiyo akatokea kijana mmoja upande wa sokoni, suruali ina grisi ya mnyororo, kofia mkononi. Aliwasalimu vizuri.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Pantaleo, fundi baiskeli wa Buguruni. Naulizia ukumbi wa ule mkutano wa mbwa mwitu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kumi, akimsogezea nafasi. Kaa, tutakwenda pamoja. Umekuja kuunga mkono?

— Ndiyo. Marehemu baba mkwe aliniachia bunduki ya marisau, na leseni tukaibadilisha jina. Bunduki haijafanya kazi tangu msiba. Nimesikia mbwa mwitu atakuwa bure, nikasema Jumapili nitoke na wenzangu. Ila nina swali dogo, wazee wangu, msinicheke.

— Uliza.

— Nitamjuaje?

— Nani?

— Mbwa mwitu. Nikimwona, nitajua vipi kwamba ndiye? Sijawahi kumwona.

Ilikuwa kama kumwaga mtama mbele ya kuku.

— Rahisi, alisema Parokia. Ni kama fisi, ila amekwenda juu nyuma. Fisi ameshuka nyuma, huyu ameshuka mbele.

— Uongo, alisema Redio. Ni mweusi tii, na macho yake usiku yanawaka kijani. Ukiona kijani, piga.

— Na kama ni taa ya reli?

— Taa ya reli haina miguu.

— Nyote hamjui, alisema Kumi. Mbwa mwitu ni mbwa tu kama huyu koko wa sokoni, ila hana mwenyewe. Tofauti yake ni uraia.

— Ana mkia, alisema Mzee Mgeni.

Katika hilo la mkia wote wakakubaliana. Pantaleo aliwatazama mmoja mmoja, bila dharau yoyote, kijana anayetaka kuelewa.

— Buguruni mbwa wenye mkia ni wengi, alisema. Na kule porini wapo mbweha, wapo fisi, na wapo mbwa wa Wandengereko wanaochungia mashamba. Mimi nikipewa ruhusa ya kupiga popote siku yoyote, na hata wazee wa kijiwe hamkubaliani sura, nitapiga nini?

Redio alifungua kinywa, kisha akakitia kashata. Na Mbaruku, aliyekuwa amejibana tangu mwanzo, aliona hasira inampanda, hasira safi, si ya mtu fulani. Hawa ni watu wema. Parokia aliukopesha mtaa mzima mablanketi mwaka wa baridi. Kumi hulala macho wazi mtoto wa jirani akipata degedege. Na watu hao hao wema, kwa kikombe cha kahawa na methali mbili, walikuwa wanakwenda kunyosha mikono ili auawe mnyama ambaye hata sura yake hawaijui. Na yeye aliyeijua alikuwa anakwenda kukaa kimya.

— Ana masikio makubwa ya mviringo, alisema. Madoa meusi, ya manjano na meupe, yamechanganyika hovyo, na hakuna wawili wanaofanana. Ncha ya mkia ni nyeupe. Lakini huna haja ya kumjua, kijana. Subiri hapo.

Aliingia ndani, akatoka akiburuta gunia. Akalimwaga barazani, katikati ya vikombe. Ngozi za mbuzi zikateleza juu ya miguu ya watu.

— Hawa ndio mbuzi wa Nyakibamba, alisema Mbaruku.

Kumi aliinuka nusu, akakaa tena.

— Shikeni. Tazameni koo. Mbwa mwitu hana kisu, hajui kuelekea kibla. Tazameni sikio la kushoto. Tundu hilo hutobolewa na mradi wa kijiji tu, mbuzi wa mtu binafsi hana. Taarifa inasema mbwa mwitu wamewamaliza. Mimi nimepokea ngozi zao zimekunjwa vizuri, zimetiwa chumvi. Hawa wamechinjwa na watu, nyama imeuzwa, na mnyama kasingiziwa.

Parokia alichukua ngozi moja, akaingiza kidole kwenye tundu la sikio, akakitazama kidole kilivyotokea upande wa pili. Ile raha yake ya methali ilikuwa imemtoka usoni.

— Mwamba, alisema Kumi kwa sauti ya chini, sauti yake ya nyumbani. Unajua unachokifanya? Ukizifikisha hizi Mnazi Mmoja, utaulizwa na wewe ulipozinunua ulikuwa unafikiri nini.

— Niulizwe. Nina mdomo, nitajibu.

— Na pendekezo lenyewe linasimama juu ya hao mbuzi. Mbuzi wakianguka, lote linaanguka.

— Ndilo ninalolitaka.

— Samahani wazee, alisema Pantaleo. Huo mradi si una katibu? Ni nani huyo?

Swali lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, na lilikaa barazani kama mtu aliyekuja kudai. Kila mmoja pale alimjua Shaweji. Kila Idi alikuja mjini na asali ya Rufiji, akakaa kwenye benchi hili hili, akaonjesha watu kwa kidole. Parokia alimwuzia blanketi la harusi. Redio alimwita pacha kwa sababu wote wawili walipenda kusema. Na kila mmoja alijua ni ndugu wa nani. Basi Parokia akajifunga kamba za viatu, na Redio akaanza kuhesabu vikombe.

Mbaruku alitaka kulitamka lile jina. Alilitayarisha, likafika kwenye meno, na Mzee Mgeni akamwinulia kiganja.

— Hapo simama kidogo, mwanangu. Nani aliyepeleka posa yako Nyakibamba?

— Wewe, mzee.

— Mimi ndiye mshenga. Niliingia kwao na kofia mkononi, nikasema huyu ni mtu mwema, na wakaniamini. Neno la ukweni halipandi jukwaani kabla halijapita kwangu. Hiyo ndiyo ada, na wewe unaijua.

— Naijua. Lakini mkutano ni alasiri hii, mzee. Ada inataka vikao, inataka niende kwao, wewe ukae katikati. Mpaka tumalize kukaa, hakuna mbwa mwitu aliyebaki.

— Sijasema tusubiri. Nimesema lipite kwangu.

Mzee Mgeni akainuka, magoti yakalia. Akashusha mikono ya shati, akavaa kofia vizuri, akausogelea mlango wa Mbaruku, mlango ambao kwa kawaida aliuingia bila hata kukohoa.

— Hodi.

— Karibu, ilijibu sauti kutoka ndani, karibu mno na dirisha.

— Sitara binti Ngwele. Mimi mshenga wako. Nimekuja na neno la kaka yako.

Sitara alitoka. Mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo, na hakuupangusa.

— Nimelisikia, alisema. Dirisha liko wazi, na kijiwe chenu hakina sauti ndogo.

— Basi nikuulize nilivyoamrishwa na ada. Ukiniambia tukae, tutakaa. Mumeo atakaa, mimi nitamkalisha. Mkutano utapita, na sisi tutakwenda Rufiji tukayamalize kinyumbani. Ni haki yako.

Hakumtazama mumewe. Aliinama, akaokota ngozi moja, akaishika sikio, akakaa nayo hivyo muda. Mbaruku aliona mabega ya mke wake yamelegea, na moyo ukamwuma kwa namna ambayo hakuwa ameipigia hesabu. Angeweza kuwakabili watu wa ukumbi mzima. Mabega haya hakuwa na hakika nayo.

— Mwaka wa mafuriko Shaweji alinibeba mgongoni, alisema Sitara. Maji yalikuwa yanamfika hapa shingoni, na hakunitua. Sitamchukia, hata mkimfunga. Mlijue hilo kwanza.

— Tumelijua, alisema Mzee Mgeni.

Mbaruku alidhani limekwisha. Na aibu ikampata, kwa sababu kipande kimoja cha moyo wake kiliona nafuu.

— Lakini kaka yangu ana mdomo, aliendelea Sitara. Akiitwa atajibu. Atalia, ataomba msamaha, nami namjua, ataongeza chumvi na watu watamhurumia. Akifungwa nitampelekea chakula. Huyo mnyama ana nini? Yeye akionekana tu, anajibiwa kwa risasi. Yule mwenye mguu uliovunjika ambaye mume wangu alinisimulia, huyo ataulizwa lini?

Mzee Mgeni alirudi kwenye jiko lake.

— Neno limepita kwangu, alisema Mzee Mgeni. Kesho kwa basi la kwanza nakwenda Nyakibamba. Nitamwambia uso kwa uso. Asilisikie redioni kwa mtu asiyemjua.

Kisha akainua dele la kahawa, akaligeuza juu ya kikombe cha Parokia. Ikatoka tone moja na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema. Atakayebaki hapa atabaki na benchi.

Parokia aliinuka wa kwanza, akaanza kukunja ngozi na kuzirudisha guniani, moja moja, anazipanga kama anavyopanga mablanketi. Redio alimsaidia bila kusema kitu. Pantaleo aliuliza kama mtu asiye na kadi ya tawi la Sikukuu anaruhusiwa kunyosha mkono kukataa, akaambiwa anyoshe yote miwili.

Kumi peke yake ndiye aliyebaki amekaa. Alikuwa mjumbe, na mjumbe hana raha ya kusema kisha akaenda zake. Yeye ndiye atakayesimama mbele.

— Nitaulizwa jina, alisema, macho yakiwa kwa Mbaruku. Hawataki kusikia katibu fulani. Wataniuliza jina. Niseme nani?

Mbaruku alivuta pumzi. Kabla haijatoka, Sitara akasema:

— Sema Shaweji bin Ngwele wa Nyakibamba. Tena usiseme inasemekana.

— Na wakiniuliza nani amethibitisha?

— Nitakuwa nimesimama ubavuni kwako, alisema. Sema ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Akajifunga khanga kiunoni, unga ungali mikononi, akashika upande mmoja wa gunia. Mbaruku akashika wa pili.